Kisigino Kisichopakwa Hina

Mguu wangu wa kushoto ni mnene kuliko wa kulia. Nikienda kununua viatu mjini Thika huanza kwa kumwambia muuzaji hivyo, ili asinihangaishe na vya kubana. Akianza kunionea huruma namwambia huruma aiweke kwenye rafu, mimi nimekuja kutafuta viatu. Mguu huu nimeupigania mwaka mzima, na sioni kwa nini nisijivune nao.

Naandika haya kwa sababu tangu nianze kutembea tena, wanawake hunisimamisha njiani hapa Kamenu, na hata mara moja ndani ya benki, kuniuliza mionzi ni nini, inauma vipi, na mtu huingia na nguo au bila nguo. Kumjibu mmoja mmoja kumenichosha. Mambo ya kidaktari sitayaeleza, maana nikijaribu nitakosea. Nitasema niliyoyaona na niliyoyasubiri, na pia kosa moja tulilofanya mimi na wifi yangu, ambalo sidhani kama kuna mgonjwa mwingine popote aliyewahi kulifanya.

Naitwa Rukia, lakini mtaani ni Mama Salma. Nina miaka hamsini na mitatu na kazi yangu ni kukata na kushona sare za shule. Hasa kukata. Kushona wanajua wengi, lakini kuweka chaki juu ya kitambaa na kukata suruali sitini zinazolingana, hiyo ni kazi ya mtu mwenye jicho, na mimi ninalo. Wifi yangu, Zainabu, ni dada ya mume wangu. Anaishi Ruiru na kazi yake ni kupaka hina. Amewapaka mabibi harusi wa nusu ya Waislamu wa Thika, na hata familia za Kihindu humtumia gari kuja kumchukua. Naye pia anajua kwamba ana mkono. Kwa hivyo mjue tangu sasa kwamba hii ni habari ya wanawake wawili wenye maringo.

Binti yangu Salma aliolewa Desemba, shule zikiwa zimefungwa. Kila mtu alijua ni shangazi yake Zainabu atakayempaka hina. Mimi nikaenda nikamtafuta msichana mmoja wa Nairobi ambaye kazi zake nilikuwa nimeziona kwenye simu. Zainabu nikampa sisi akina mama atupake. Alikaa kwenye mkeka, akaweka mguu wangu mapajani mwake, akanipaka maua ya hina yaliyozungushiwa piko, ile rangi nyeusi, kazi nzuri kabisa. Alipomaliza, mimi huyu, mbele ya wageni, nikainua mguu nikasema hina ya wazee imetoka vizuri, lakini kwa bibi harusi lazima utafute mkono wa kisasa, huu wa Zainabu umezeeka. Wageni wakacheka. Zainabu alifunga koni zake za hina ndani ya kitambaa na kuondoka kabla ya pilau. Hatukusemezana tena.

Mwezi wa Ramadhani ulipofika, sisi wanawake tulikuwa na darsa msikitini kila siku mchana, kisha tunasali alasiri pamoja. Zainabu alikuwa akija kutoka Ruiru, kwa kuwa huo ndio msikiti aliosomea utotoni. Alikaa safu ya nyuma yangu, asinisalimie. Sasa, nguo yangu ya kusalia ilikuwa fupi kidogo na soksi sikuwa navaa. Mwalimu wa darsa alikuwa amenisema mara mbili kwamba nikisujudu nyayo zinatoka nje. Sikumsikiliza. Ukweli ni kwamba nilipenda hina yangu ionekane, maana tangu harusi nilikuwa nikiirudishia rangi mwenyewe.

Siku ya tisa ya mfungo, tulipomaliza kutoa salamu, nikaguswa bega. Ni Zainabu. Wenzetu wote wakatugeukia, maana ugomvi wetu ulijulikana.

"Ile nyeusi ya kisigino si kazi yangu," akasema.

Nilimwambia ni piko yake iliyokataa kutoka, labda aliikoroga vibaya.

"Kisigino sikukipaka. Kilikuwa na magaga, na hina haikai kwenye magaga. Niliishia hapa kwenye upinde wa unyayo. Hilo doa angalia vizuri, Mama Salma, sikuliweka mimi."

Niambieni, ningefanya nini? Kutajiwa magaga, nyufa za visigino vyangu, mbele ya darsa nzima. Nilivaa viatu nikaenda nyumbani nimefura. Nilichukua jiwe la kusugulia miguu, nikaloweka kisigino kwenye maji ya moto, nikasugua. Kesho yake nikasugua tena. Nilisugua wiki mbili nzima ili tu nimwonyeshe Zainabu kwamba ni piko. Doa halikupungua. Lilianza kutoa damu, na ukingo mmoja ulikuwa umetambaa kama chai iliyomwagika kwenye kitambaa. Hapo ndipo nilipojua, na bado sikumwambia mtu. Mkinisoma mkijiona, basi acheni hapa mkaende kliniki, mtamaliza kusoma baadaye.

Aliyeniokoa tena ni Zainabu. Alimpigia simu kaka yake, mume wangu Idi, ambaye ni fundi wa pikipiki na mtu wa maneno machache, akamwambia ageuze unyayo wa mke wake auangalie. Idi alinikalisha kwenye kiti, akashika kisigino changu akakielekeza dirishani. Miaka ishirini na saba ya ndoa, hakuwa ameuona unyayo wangu hata siku moja. Asubuhi hakufungua gereji, akanipeleka kwa daktari.

Walikata kipande kidogo wakakipeleka kupimwa, na majibu yalikuja mvua za masika zikiwa zimeanza. Daktari alikuwa kijana mwenye sauti ya chini. Alisema ni saratani ya ngozi, ile inayoitwa melanoma. Nilimwambia amechanganya faili, sisi watu weusi hatuugui hiyo, hiyo ni ya Wazungu na jua. Akasema kwa watu weusi hupenda kujificha kwenye unyayo, kiganja, au chini ya ukucha, pale ambapo hakuna anayeangalia. Kisha akabonyeza kinena changu na kukuta mtoki, ambao mimi nilikuwa nimeuhesabu kuwa ni wa kusimama sana mezani nikikata.

Alieleza kwamba watanikata nyama ya kisigino na kuweka kiraka cha ngozi ya paja, na watatoa tezi zote za kinena upande huo. Idi aliuliza kuhusu uhai wangu. Mimi niliuliza kama nitasujudu. Daktari alidhani hajanisikia. Nikamweleza: kuinama, kupiga magoti, kukunja vidole vya miguu, paji la uso chini. Alifikiri kidogo, akasema ugumu utakuwepo, na mguu huenda ukavimba maisha yote, ila kama ugonjwa hautarudi hapo kinenani tunaweza kujaribu. Basi hilo ndilo nililoshika. Wengine hushika picha za watoto wao. Mimi nilitaka kurudi kwenye ile safu na kuweka uso wangu chini kama watu.

Upasuaji ulifanyika baridi ikiingia. Sitausimulia sana. Nilikuwa na mpira unaotoa maji kinenani kuingia kwenye chupa, na chupa hiyo niliibeba kila mahali ndani ya mfuko nilioushona mwenyewe kwa kitambaa cha sare, kijivu, na mfuniko wa kifungo. Wauguzi waliupenda, nikawakatia wagonjwa wengine wanne nikiwa kitandani. Kile kiraka cha kisigino kilishika. Lakini majibu ya tezi yalirudi na habari kwamba moja ilikuwa imepasuliwa ganda na ugonjwa, na kwa hivyo kisu peke yake hakitoshi. Nitahitaji mionzi ya kinena. Mara ishirini, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki nne, na nisikose siku.

Mashine iko hospitali ya upande wa Ruiru. Kutoka Kamenu kila asubuhi na mguu ule haikuwezekana. Idi akasema nyumba ya Zainabu iko karibu. Nikasema heri nilale hospitalini kwenye benchi. Hilo nililishikilia siku mbili. Siku ya tatu Zainabu alifika na teksi, akaingia chumbani bila kubisha hodi, akaanza kupakia khanga zangu kwenye begi.

"Chumba kiko tayari," akasema. "Kama hutaki tuongee, hatutaongea."

Na hatukuongea. Wiki ya kwanza ilipita hivyo. Asubuhi ananiwekea uji wa wimbi mezani, ananifunga shuka mabegani kwa ile baridi ya Julai, tunaenda. Jioni ananipa chakula. Usiku mwema tunaambiana kwa kichwa tu. Mtu akiwa mgonjwa kisha analishwa na mtu ambaye yeye mwenyewe alimtukana, kila kijiko kinakuwa kizito. Nilitamani anitukane naye, tuwe sawa.

Sasa mionzi yenyewe. Siku ya maandalizi nililazwa kwenye kitanda kigumu, mguu wa kushoto umefunguliwa kwa nje kama wa chura, chini yake umewekwa mto unaokauka na kushika umbo la mguu wako, ili kila siku ulale vilevile. Mtaalamu wa mashine alikuwa binti anayeitwa Wairimu, mchangamfu, mwenye mikono baridi ambayo aliomba radhi kwa ajili yake kila siku. Ukutani kulikuwa na taa zinazotupa mistari myembamba myekundu, ikapita juu ya ngozi yangu na kukutana kinenani. Wairimu akachukua kalamu ya wino, akafuata ile mistari, akanichora misalaba mitatu. Nilimtazama akichora nikasahau kuona aibu. Hakuna tone lililotoka nje. Nilimwambia akichoka na hospitali aje nimwajiri.

"Hii usioshe, mama," alisema. "Usisugue, usipake mafuta. Ikianza kupotea unaniambia mimi."

Neno hilo la mwisho lilikuwa la muhimu kuliko yote, na mimi nililisikia nusu.

Kwa wanaoniuliza: nguo unavua za chini, unafunikwa shuka. Wao wanatoka nje, mlango mzito unafungwa, mashine inanguruma na kukuzunguka, na husikii chochote mwilini. Dakika chache tu. Kinachochosha ni kusubiri. Pale kwenye viti vya kusubiri kuna watu walewale kila siku, mpaka mnajuana kwa viatu. Jirani yangu alikuwa mzee wa Gatuanyaga, mfugaji wa mbuzi, anayetibiwa koo. Wiki ya kwanza alinieleza habari za mbuzi wake mmoja mmoja. Wiki ya pili sauti ikawa ya kunong'ona. Wiki ya tatu akawa ananionyesha kwa vidole tu, viwili vikiwa juu, na mimi naelewa kuwa mbuzi amezaa mapacha. Nilikuwa nafurahi kweli, kama mapacha ni wangu.

Kuanzia siku ya nane hivi ngozi ya kinena ilikuwa nyeusi zaidi, kisha pale kwenye mkunjo ikaanza kuwasha na kulowa. Chupi haivaliki. Niliishi ndani ya khanga laini za zamani, na nawaambia mkusanye khanga zilizochakaa kabla hamjaanza, mpya zinakwaruza. Uchovu nao ulikuja, si ule wa kazi. Nilikuwa nikikaa kitandani kufunga kilemba nasahau katikati kama ninafunga au ninafungua. Nilisali kwa kiti, naashiria kwa kichwa. Kila nilipoinamisha kichwa na kuona sakafu iko mbali, nililia. Nalisema wazi kwa sababu watu hudhani mimi ni jiwe.

Jumapili baada ya wiki ya pili, nilijikagua kwa kioo nikaona misalaba yangu imepotea. Wa pajani ulikuwa umebaki kivuli, na wa kinenani, kwa jasho na kulowa kule, haukuwepo kabisa. Nilishikwa na hofu. Nilifikiri: kesho nikifika bila alama watanirudisha nyumbani, pengo litaingia, na ugonjwa utapata upenyo wake. Nilikuwa nimefika kumi. Nilijiona nimesimama nusu ya njia. Halafu yule mkataji aliye ndani yangu akasema, kwani chaki ikififia tunafanyaje? Tunairudia. Kivuli bado kipo, kipimo nakijua kwa jicho, kinachohitajika ni mkono usiotetemeka na rangi isiyofutika. Na chumba cha pili kulikuwa na mtu mwenye vyote viwili.

Nilimwita. Nikamwonyesha na kumweleza ninachotaka. Zainabu alisimama mlangoni amekunja mikono, akaangalia ngozi ile iliyoungua, kisha akaniangalia mimi.

"Mkono wangu si umezeeka?" akasema.

Miezi saba alikuwa amelibeba neno hilo. Kujitetea huwa sikosi, lakini safari hii nilikuacha. Nilimwambia ukweli. Kwamba nilimtafuta yule msichana wa Nairobi si kwa sababu mkono wa Zainabu ulikuwa mbaya, ila kwa sababu kila harusi watu husifu hina ya Zainabu wakasahau nguo za Rukia, na kwenye harusi ya mwanangu nilitaka nisifiwe peke yangu. Nilikuwa sijawahi kujiambia jambo hilo hata mimi mwenyewe.

"Wewe ndiye uliyeniona," nikasema. "Ningekuwa nimekufa nikisugua. Nisamehe, wifi."

Alienda akarudi na bakuli, akakoroga hina, ile safi isiyotiwa dawa yoyote, akatengeneza koni nyembamba kama sindano. Alipiga magoti kando ya kitanda na mimi nikamwelekeza: kulia kidogo, hapo, shuka sawasawa. Alishika pumzi kila mstari. Machozi yalikuwa yakimtoka na mkono haukucheza. Tulimaliza, tukaacha ikauke, tukanywa chai ya tangawizi na kuongea mpaka adhana ya magharibi. Tulijiona tumeiokoa wiki nzima. Nilikuwa na fahari isiyo na kifani.

Jumatatu Wairimu alifunua shuka, akawasha taa za ukutani. Aliinama karibu. Akatoka, akarudi na mwenzake, naye akainama. Mistari myekundu ya taa ilikuwa imepita upande mmoja, na misalaba yetu ya hina, mizuri, ya rangi nyekundu ya matunda damu, ilikuwa kando yake kwa upana wa kidole.

"Mama Salma," akasema Wairimu polepole, "hii imechorwa na nani? Na hili jani ni la nini?"

Sikuwa nimeliona. Kwenye ncha ya kila mstari Zainabu alikuwa ameweka jani dogo, moja moja. Miaka thelathini ya kazi, mkono wake haujui kumaliza mstari bila jani.

Nilisema ni mimi niliyetaka, mwenzangu asiguswe. Wakamwita Zainabu kutoka kwenye viti, naye akafika akasema ni yeye, mgonjwa hana makosa, alikuwa na homa hajui anachosema. Homa sikuwa nayo. Tulibishana pale mbele ya mashine kila mmoja akilivutia kosa kwake, mimi nimelala mguu wa chura, mpaka Wairimu akageuka ukutani mabega yakimtikisika. Alipogeuka tena alikuwa na uso wa kazi. Alieleza kwamba ngozi huhama: nyumbani nililala miguu imefungana, hapa mguu umefunguliwa, na alama iliyo sahihi kule si sahihi hapa. Nilifumba macho kwa haya. Kila mwanafunzi niliyemfundisha kukata nimemwambia kitambaa kikilazwa vingine mstari umehama. Hilo ni somo la siku ya kwanza.

Siku hiyo sikupata mionzi. Nilirudishwa kwenye picha na vipimo, vikaanza upya. Nilimuuliza daktari kama nimejiua. Akasema hapana, siku moja itaongezwa mwisho, lakini kama mashine ingewashwa kwa kufuata alama zetu ingepiga pasipotakiwa, na ndiyo maana wao hupima kabla ya kuwasha. Kwa hivyo sikilizeni vizuri. Alama ikififia, msiirudie. Nendeni bila alama, wana vipimo vyao vyote. Asiichore mama, wala mume, wala fundi yeyote hata awe na mkono wa dhahabu.

Hina, kama mjuavyo, haifutiki upesi. Wiki mbili zilizobaki nililala chini ya mashine nikiwa na misalaba ya wino ya Wairimu, iliyo sahihi, na pembeni yake misalaba ya Zainabu yenye majani. Kila asubuhi Wairimu aliisalimia yote. Alisema katika kazi yake amechora watu wengi lakini hii ndiyo mara ya kwanza kushindwa kwa uzuri, ingawa kwa usahihi bado anaongoza. Zainabu alipoambiwa alijifanya hasikii, akarekebisha mtandio wake mara tatu.

Mara ya ishirini iliangukia Jumatatu badala ya Ijumaa. Yule mzee wa Gatuanyaga alikuwa amemaliza kabla yangu, akaniachia kwa Wairimu chupa ya maziwa ya mbuzi. Ngozi ilizidi kuungua wiki mbili baada ya kumaliza, msishtuke hilo, ndivyo ilivyo, kisha ikaanza kufunga. Mvua za vuli ziliponyesha nilikuwa nimerudi Kamenu, mguu umejaa kama bomba, nafundishwa kuvaa soksi ndefu ya kubana ambayo kuivaa tu ni kazi ya nusu saa. Nilirudi kwenye meza ya kukata nikiwa nimekaa kwenye kiti kirefu alichonichomelea Idi gerejini.

Na nilianza kujifundisha kusujudu. Mwanzo juu ya kitanda. Halafu magodoro mawili sakafuni, halafu moja. Kinena kilikuwa kimekakamaa kama ngozi iliyokaushwa na kisigino hakikutaka kubebeshwa. Idi alisimama nyuma yangu kunishika kiuno, akitazama pembeni kwa adabu nikiguna. Kila baada ya miezi mitatu nilipigwa picha, na mpaka naandika haya, picha ni safi. Sisemi nimepona milele. Nasema safi, na hilo linanitosha kusimama nalo.

Kabla ya Ramadhani kuandama tena, Zainabu alikuja kunipaka. Nilinyoosha miguu yote mapajani mwake, mnene na mwembamba. Alipaka vidole, akapaka upinde, akazunguka kile kiraka cha ngozi ya paja ambacho ni cheupe kuliko mimi, kisha akafunga koni.

"Na kisigino?" nikamuuliza.

"Kisigino sipaki. Hapo nataka kuona."

Siku ya kwanza ya darsa niliomba ruhusa kwa mwalimu nikasema maneno machache. Niliwaambia wanawake wavue soksi, kila mmoja aangalie nyayo za mwenzake, kwa kuwa zake mwenyewe hawezi. Walicheka, wakaona haya, wakavua. Dada mmoja wa Kiganjo alipatikana na doa, akaenda kupimwa, likawa si kitu. Alirudi akiniomba radhi kwa kunisumbua. Nilimwambia hiyo ndiyo habari nzuri kuliko zote za mwezi mtukufu.

Kisha tukasimama kwa alasiri. Nilikuwa nimevaa nguo ndefu na ile soksi, nimefunikwa kama mwalimu alivyotaka siku zote. Kiti changu kilikuwa kimewekwa ukutani. Sikukigusa. Nilirukuu, nikanyanyuka, na wakati ulipofika nikashuka, goti la kulia kwanza, la kushoto likafuata likilalamika, viganja, kisha paji la uso. Zulia lilinukia vumbi na marashi. Nilikaa pale sekunde chache tu, pamoja na safu nzima, na sijawahi kuwa na furaha ya namna ile, hata siku ya harusi yangu.

Tulipotoa salamu sikugeuka. Nilikaa, nikavuta ile soksi mpaka ikatoka, nikaupeleka mguu nyuma, darsa nzima ikitazama, nikauweka mapajani mwa Zainabu aliyeketi safu ya nyuma yangu. Alikigeuza kisigino kuelekea dirishani. Alibonyeza kwa kidole gumba, akazunguka kiraka chote pembeni, polepole, huku wanawake wote wametugeukia kama siku ile.

"Kuna nini?" nikamuuliza.

"Magaga," akasema Zainabu. "Magaga tu."